Kilo za Ma Kemilembe Hewani

Jambo zima lilitugharimu majembe matatu, betri moja ya gari, ndama mmoja, na safari moja ya kukaa juu ya magunia ya maharage kutoka Nyakakika hadi hospitali ya misheni. Nimehesabu mara mbili, ndivyo nilivyo. Uongo tulioutunza baadaye sijauingiza kwenye hesabu, kwa sababu uongo hauna bei ya dukani. Unaulipia kidogo kidogo kila asubuhi, na siku ukichoka kuulipia unakuta hukumbuki hata ulivyoanza.

Nimerudi kuyawaza haya kwa sababu mwezi uliopita Anisia aliniita. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, mimi nikiwa na duka langu Kanoni, yeye akiwa amerudi Nyakakika kwenye kibanja cha migomba cha mama yake baada ya mumewe kufariki. Nilimkuta sebuleni, miguu ameiweka juu ya kigoda, imevimba hadi vifundo havionekani. "Geti, usinitazame miguu," alisema kabla sijaketi. "Nitazame usoni. Uso bado ni wangu." Wajukuu wakaleta ndizi na maharage kwenye sinia. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nilijua kila kitu, maana hakikuwa na chembe ya chumvi. Chakula kile nilikuwa nimekila mwaka mzima katika nyumba ileile nikiwa msichana, na ulimi ulikikumbuka kabla ya kichwa. Sikumuuliza anaumwa nini. Nilimuuliza anapimwa na nani, naye akacheka kwa shida, akashika kifua, akasema, "Hilo ndilo nililokuitia." Nitalieleza, lakini halitaeleweka bila mwaka ule.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mpangaji kwa mama yake Anisia, Ma Kemilembe, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Kuta zilinuka maganda makavu, na mvua ikinyesha harufu ilizidi, kama vile magunia yangali pale yanasubiri mnunuzi. Biashara yangu ilikuwa chumvi, sabuni za mche, mafuta ya taa, viberiti, na majembe yasiyo na mpini ambayo niliyapanga chini ya kitanda yakilaliana kama vifuniko vya sufuria. Siku za gulio nilitandaza turubai, siku nyingine nilizunguka na baiskeli. Mali yangu niliihesabu jioni na kuihesabu tena asubuhi. Simaanishi kwamba nilimshuku mtu. Nilishuku watu wote kwa usawa, nami nikiwemo.

Ma Kemilembe alikuwa mjane, mwanamke wa sauti nene na kicheko cha kutikisa mabati, lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Moyo uliochoka hausukumi vizuri, maji yanabaki mwilini, yanaanza miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanafika kwenye mapafu na mtu anazama akiwa nchi kavu. Hivyo ndivyo Nesi Leokadia wa zahanati ya parokia alivyotueleza, na sijawahi kusikia maelezo mengine yaliyo bora. Mara tatu Ma alikuwa amebebwa kwa machela ya chama cha kuzikana hadi barabarani, wanaume wakipokezana mabegani, kisha kusubiri gari lolote litakalopita. Mara tatu alilazwa, akakamuliwa maji, akarudi. Wodi za miaka ile kila mtu wa Kagera wa umri wangu anazikumbuka. Zilijaa vijana waliokwisha kwa silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi, kitanda kimoja watu wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Aliporudi mara ya tatu, Ma alikaa jikoni, akavua viatu, akatangaza: "Kule sirudi. Mkinipakia tena kwenye hiyo machela, mnipeleke moja kwa moja makaburini. Mtakuwa mmejipunguzia safari."

Daktari aliyemtibu, kijana wa Muleba aliyeitwa Mujuni, naye hakutaka arudi, ila kwa sababu zake. Hakuwa na vitanda. Alimtumia Nesi Leokadia maneno kwamba maji ya yule mama hayaji ghafla. Yanakusanyika wiki nzima kabla hajaanza kuhema, na mwili unakuwa mzito kabla mgonjwa hajajisikia lolote. Basi apimwe uzito kila asubuhi nyumbani kwake, na namba itumwe kwa redio ya upepo, ile ya zahanati iliyokuwa ikitumika kuagiza chanjo na kuita gari. Kilo zikipanda, daktari ataongeza vidonge vya kukojoa akiwa kulekule aliko. Zikishuka sawasawa, atapunguza. Mgonjwa atakula kwake na kulala kwake. Leo vijana wananiambia jambo hilo ni jipya na lina jina lake. Sisi hatukulipa jina. Tulisema tu, "Ma anatibiwa hewani."

Mizani ilipatikana chama cha msingi. Msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha, mizani imelala, na katibu alikuwa wa ukoo wa Ma. Ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye ndoano na uso mkubwa wa saa. Tuliifunga kwenye boriti ya sebule, tukashona gunia kama kiti cha bembea, Ma akakaa ndani, miguu ikaachwa inaning'inia. Siku ya kwanza alicheka hadi sindano ya mizani ikakataa kutulia. "Nimekuwa kahawa ya robasta," alisema. "Anisia, angalia wasinikate kilo ya gunia, hawa wa chama hiyo ndiyo kazi yao." Mtu wa kupeleka namba zahanati kila asubuhi kwa baiskeli ndiye aliyekosekana, Anisia akiwa na ng'ombe, jiko na mgonjwa. Wakanitazama. Nikatazama dari. Tulizungumza kuanzia uji hadi chakula cha mchana, na tulipoinuka kodi yangu ilikuwa imeshuka nusu, nami nikawa nimeajiriwa na moyo wa mtu mwingine.

Chumvi ilikatazwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo nililala na magunia ya chumvi kichwani pangu na nikala chakula kisicho na chumvi, kwa sababu Ma alisema hawezi kuteseka peke yake katika nyumba yenye watu watatu. Kila jioni sahani ikiwekwa mbele yake alikuwa akimuuliza binti yake: "Haya, nimekukosea nini leo?"

Sasa nieleze ile redio, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia. Ilikaa kwenye ofisi ya nesi, dirisha linatazama veranda, na chini ya dirisha kulikuwa na benchi la wagonjwa. Saa mbili asubuhi vituo vyote vilifungua pamoja: zahanati, parokia, masista, kila mwenye redio. Mmoja akisema wote wanasikia, na Nesi Leokadia hakuwa mtu wa kunong'ona. Sauti ya daktari ilitoka kama inapita ndani ya bati: "Nyakakika, Nyakakika, nipe mama wa moyo. Ova." Nesi alinitazama, mimi nikasema namba, naye akairusha angani. Siku za kwanza ilikuwa sitini na nne. Vidonge vikafanya kazi yake. Sitini na mbili. Sitini. Hamsini na nane. Daktari alifurahi waziwazi, akasema, "Vizuri sana, hongereni, endeleeni kushusha." Na kweli nyumbani Ma alianza kulala chali bila kuweka mito, akatembea hadi shambani, akaanza tena kugombana na jirani juu ya mpaka. Kwetu hizo zilikuwa kilo za ushindi.

Kwenye benchi hazikuwa hivyo. Nilikuwa nafungua kufuli ya baiskeli siku moja nikasikia wanawake wawili, vichwa vimekaribiana.

"Leo katoka ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Si alikuwa sitini na nne juzijuzi tu? Kilo hizo zinaenda wapi?"

"Zinaenda zilikokwenda za wenzake."

"Na mjane! Mume mwenyewe alikufa kwa nini?"

"Alianguka kwenye mti wa parachichi."

"Ndivyo walivyosema."

Mtu ambaye hakuishi kwetu miaka ile hawezi kujua kukonda kulikuwa ni nini. Mtu akikonda, watu walihesabu miezi. Chombo chake cha kunywea kilitengwa. Watoto wake waliangaliwa wakipita. Na sisi tulikuwa tunatangaza kukonda kwa Ma Kemilembe kila siku asubuhi, kwa mashine, katika wilaya nzima, daktari akishangilia.

Maneno yalifika Kihanga, ambako Anisia alikuwa amechumbiwa. Mshenga wao, Mzee Rwiza, alikuja na mwavuli wake na kofia yake, akakaribishwa kahawa ya kutafuna, akazunguka sana kwa maneno. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, na kati ya stoo na sebule kulikuwa na ukuta wa miti usiofika juu, kwa hiyo nilihudhuria kikao bila kualikwa.

"Hali ya mwili, waitu?" aliuliza kwa neno letu la heshima.

"Namshukuru Mungu," Ma alijibu. "Natembea."

"Tunasikia. Tunasikia kwenye redio." Akatafuna. "Kule nyumbani wazee wanauliza. Si mimi, wazee. Wanasema mtoto huchukua mengi kwa mama."

"Mwanangu amechukua sauti yangu. Basi."

"Hata hivyo, wazee wanaona wangesubiri kidogo. Au kama haraka ipo upande wenu, basi yule ndama wa mahari tuliyemtaja abaki kwanza zizini kwao, hadi mambo yaonekane."

Ninajua bei inavyoshushwa. Nilikuwa naishi kwa hilo. Lakini sikuwahi kusikia inashushwa juu ya mwili wa mtu mbele yake mwenyewe. Ma alimwachia ndama. Alimwachia haraka mno, bila hata kubishana mara moja, na mimi nyuma ya ukuta niliona ameuza vibaya. Rwiza alipoondoka Anisia alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya gunia la chumvi, hakulia, akaniuliza tu: "Geti, wewe ungenioa?" Nikamwambia mimi sioi mtu bila ndama. Tukacheka kidogo, cheko la watu waliochoka.

Kuanzia wiki ile namba zilianza kupanda. Hamsini na tisa na nusu. Sitini na moja. Nilimtazama Ma miguu, haikuwa imevimba. Nikaipima mizani kwa mfuko wangu wa chumvi, ikawa sawa. Nikapima tena, ikawa sawa tena. Namba ni namba, nikaipeleka. Daktari akasema aongezewe kidonge. Namba ikapanda. Akasema aongezewe kingine. "Sielewi," sauti yake ilisema ndani ya bati, "anakula chumvi kwa siri?" Benchi lote likanigeukia mimi, muuza chumvi. Nyumbani Ma alikuwa anaenda chooni mara nyingi kiasi kwamba njia ilianza kung'aa. Midomo yake ilipasuka. Usiku misuli ya miguu ilimkaza, nikamsikia akigumia. Lakini asubuhi, kabla sijaamka vizuri, alikuwa ameshajifunga vitenge vyake, amejikalia kwenye gunia mwenyewe, ananiita nije nisome, na uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi.

Wakati huohuo jembe langu moja lilipotea. Nilihesabu jioni, nikahesabu asubuhi, moja halipo. Nilimfikiria kila mtu aliyewahi kukanyaga ule ua, pamoja na padri. Siku chache baadaye likapotea la pili. Nikanunua kufuli. La tatu likapotea kufuli ikiwepo, na ufunguo wa akiba ulikuwa kwa mwenye nyumba. Kumshuku Ma Kemilembe kwa wizi wa jembe nilishindwa. Alikuwa na majembe yake ukutani.

Asubuhi iliyofuata mizani ilisema sitini na tatu. Nikapeleka. Daktari akasema hewani, bila furaha yoyote: "Nyakakika, hii nimeshindwa kuitibu kwa mbali. Mleteni leo. Ova." Zahanati ikapeleka habari kwa chama cha kuzikana, na nilipofika nyumbani wanaume wanane walikuwa wameshasimama uani na machela, wamevua mashati, wanasubiri. Ma alikuwa ndani, ameshika fremu ya mlango wa chumba chake, anayumba. Nilimkamata alipoanguka. Tulianguka wote wawili, na sauti tuliyoitoa haikuwa sauti ya watu. Ililia chuma.

Nilipandisha kitenge. Yalikuwa pale, majembe yangu matatu, amejifunga kiunoni kwa kamba za migomba, moja tumboni na mawili mgongoni, ngozi imechubuka. Chini ya majembe alikuwa mwembamba kuliko nilivyojua, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Hakuwa na maji. Alikuwa amekauka. Tulikuwa tumemkausha sisi, daktari, nesi na mimi, kwa vidonge vya kutibu uzito wa majembe.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Anisia alikuwa ameshaingia, amekaa chini, ameshika mdomo.

"Ma," nikasema, "haya ni ya kwangu."

"Ningeyarudisha baada ya harusi."

"Unakufa, unajua?"

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyeyavaa." Alilamba midomo, hapakuwa na mate. "Sikiliza, Getruda. Wewe unajua bei za vitu, basi nishauri. Nikionekana mnene, huyu anaolewa na mimi nakufa. Nikionekana mwembamba, mimi napona na huyu anakaa hapa hadi azeeke, watoto wanamkimbia njiani. Wewe ungeuza kipi?"

Nje mtu aligonga. "Waitu, twende, jua linapanda."

Nilichukia kuulizwa. Nilifungua mlango nusu, nikasimama katikati. "Mgonjwa hasafiri," nikawaambia.

"Daktari amesema."

"Daktari hajamwona. Mimi nimemwona."

"Wewe ni daktari tangu lini? Jana uliniuzia kiberiti kisichowaka."

Wakacheka, na ndipo sauti ya Ma ikatoka nyuma yangu, nyembamba lakini yake: "Emmanueli, nakusikia. Nendeni mkanywe rubisi ya ndizi, kuna kibuyu jikoni kwa Bi mkubwa wa jirani. Sifi leo." Waliondoka na machela yao, wengine wamekasirika kwa kuvua mashati bure.

Nilirudi zahanati nikamvuta Nesi Leokadia hadi nyuma ya jengo, nikamweleza. Alikaa chini kwenye majani na sare yake nyeupe. Hewani alisema maneno machache tu: mgonjwa amekauka, anaomba kusimamisha vidonge. Daktari aliuliza imewezekanaje. Nesi alinitazama, akatazama dirisha, akasema, "Tutakuletea maelezo. Ova." Vidonge vikasimamishwa, Ma akapewa uji na maji kikombe kidogo kidogo, na mimi nikapanda lori la maharage.

Daktari Mujuni alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alinipokea kwenye korido, amesimama, macho mekundu, watu wanampita kwa machela pande zote mbili. Nilimweleza kuhusu majembe. Hakucheka. Aliegemea ukuta, akasema, "Ningemuua." Kisha akasema, "Basi arudi wodini." Nikamwonyesha kwa kidevu wodi iliyokuwa mlango wa pili, akaitazama kama vile ni mara ya kwanza.

"Namba zisitajwe hewani," nikasema.

"Bila namba ninatibu kama kipofu."

"Basi zitajwe, ila si zenyewe. Ongeza ishirini."

"Ishirini! Atakuwa mnene kuliko askofu."

"Kumi na tano."

"Binti, hii ni dawa, si gulio. Akishika redio mtu mwingine siku mimi sipo, akaamini hiyo namba?"

"Mwandikie kwenye kadi. Kumi."

Niliona hapendi, na niliona pia kwamba hana kitanda. "Kumi," alisema mwishowe. "Lakini wewe mwenyewe unampima, kitenge kimoja, unamkagua. Miguu unaikagua kwa kidole. Na betri ya redio yenu inakufa, nusu ya maneno yako siyasikii. Nikikubali uongo, nataka angalau niusikie vizuri." Betri niliipata kwa dereva wa lori, kwa sabuni, na sabuni zile nazikumbuka moja moja.

Kwa hiyo Ma Kemilembe alianza kunenepa hewani. Hamsini na sita nyumbani, sitini na sita angani. Benchi lilitulia, kisha likaanza kuona wivu. Wengine walimwomba nesi vile vidonge. Rwiza alirudi na mwavuli, akasema wazee sasa wameridhika, ila kuhusu ndama hakusema kitu, na Ma hakumkumbusha. Harusi ikafanyika. Alikaa kwenye kiti chini ya turubai siku nzima, vitenge vitatu juu ya kimoja, akipepewa, akiwaambia watu asimame vipi na mwili wote huu. Na kila asubuhi, kabla na baada, nilimning'iniza kwenye boriti, nikasoma, nikajumlisha kumi, nikapanda baiskeli. Siku nyingine niliamka nimechoka hata kabla ya kuinuka, nikihofia nimejumlisha mara mbili au nimesahau kabisa. Nilipohamia Kanoni nilimfundisha nesi. Ma aliishi miaka miwili zaidi. Hakulazwa tena hata siku moja. Alifia kitandani kwake, baada ya kula, akilalamika juu ya chumvi.

Nilikwenda kuzika. Wanaume walewale wa machela walibeba jeneza, na walipoliinua waliinua kwa nguvu ya kumbeba mtu wa kilo zile za redio, likawarukia mabegani kama tupu. Walisimama. Yule Emmanueli akageuka akamtazama mwenzake. "Mbona hivi?" alisema. Wakaendelea na njia. Lakini kufikia matanga watu walikuwa wanahesabu tena, na Anisia, mwenye mtoto mgongoni, aliona wanawake wa upande wa mumewe wakimtazama yule mtoto miguu, mikono, shingo. Walimtazama hivyo miaka mingi, Anisia aliniambia mwezi uliopita, hadi kijana alipokuwa mrefu na mpana na wakakosa la kusema.

Kijana huyo sasa yuko Dar es Salaam, ndiye anayemlipia mama yake daktari wa kwenye simu. Daktari anamwona Anisia kila asubuhi kwenye kioo, anamwambia abonyeze miguu, apande mizani, avute pumzi. Ni mzuri, nimemwona mwenyewe, ana subira. Lakini kijana ana sharti: namba zote ziwekwe kwenye kundi la familia, wajomba, mashangazi, wakwe, kila mtu aone. Nilimpigia. "Bibi nusura afe kwa sababu watu wachache tu walikuwa wanamwangalia," aliniambia. "Macho yakiwa mengi, hakuna wa kuficha kitu. Shangazi Geti, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote." Anisia naye amesema namba zake zikiingia tena kwenye kundi lile, simu anaizima, aende akalale hospitali, hata kama ni sakafuni, maana huko cheti kinawekwa ndani ya faili na faili linafungwa. Nilimwambia wodini atakufa. Akasema, "Angalau sitakufa mbele ya shemeji."

Wote wawili wamenipa kazi ya kupatanisha. Nimekaa kati ya bei mbili maisha yangu yote na kila mara nimepata pa kukutania. Safari hii sipaoni. Mama anasema kweli. Mtoto anasema kweli, na ndiye anayelipa. Wote wawili watanipigia Jumapili hii baada ya misa, na maji hayasubiri Jumapili nyingine. Wewe unayesoma, kama umewahi kuuguza mtu wako nyumbani huku daktari yuko mbali, niambie nimwombe nani ashushe bei yake, kijana au mama, na nianze kwa maneno gani.